Nilikuja kusikiliza watu, mbona nahesabu namba?

Mwanagenzi_wa_Usiku ameandika:

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa walio ndani ya fani. Wale wa "fuata moyo wako" leo nawaomba wapumzike kidogo.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi wodini miaka sita, zamu za usiku nyingi kuliko za mchana, kisha nikaacha na kwenda kusoma shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Sababu ilikuwa moja tu: usiku wagonjwa husema wasiyoyasema mchana. Nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda, sina ninachofanya zaidi ya kusikiliza, na mtu aliyekuwa anagaragara tangu saa tatu analala. Nikajiambia kumbe hii ni kazi, acha nikaisomee.

Sasa niko muhula wa pili. Mtihani wa takwimu nimepata 38. Pendekezo langu la tasnifu limerudishwa mara tatu, mara ya mwisho kwa maneno matatu ya kalamu nyekundu: "Swali liko wapi?" Vipindi vya muhula huu ni mbinu za utafiti, takwimu, upimaji wa kisaikolojia, maadili na magonjwa ya akili. Cha kukaa na mtu ni kimoja, nacho tunaigiza sisi kwa sisi, mmoja mgonjwa mwingine mtaalamu. Juzi tumemaliza saa mbili nzima tukibishana kama hojaji fulani "inaaminika" au ni "halali". Nikawa namfikiria yule mzee wa kitanda cha mwisho, jinsi ambavyo angetucheka.

Nina maswali mawili. Nyie mnaofanya kazi, hizi tafiti mnazitumia kweli au ni geti la kuchujia watu? Na la pili, kuna programu nyingine ambayo ni ya vitendo zaidi na tasnifu yake ni fupi. Nihamie?

Mtu_wa_Vitendo amejibu:

Geti. Umejijibu mwenyewe, dada.

Niko kwenye unasihi na tiba mwaka wa tisa. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza wastani wa kitu chochote. Takwimu nilizipita kwa kukariri, nikazisahau wiki iliyofuata, na nimeona watu mia kadhaa wakiingia wamejikunja na kutoka wamenyooka. Kile ulichokuwa unafanya kule wodini ndiyo kazi yenyewe. Hayo mengine funika kombe mwanaharamu apite.

Bi_Msimamizi amejibu:

Mdogo wangu Mwanagenzi, pole kwa 38. Mimi nilipata 41, nikarudia, na leo nasimamia wanagenzi. Suala la alama tumelimaliza.

Swali lako la kwanza nitalijibu kwa kisa changu. Nimebadilisha mambo kadhaa ili mhusika asijulikane, hata na yeye mwenyewe.

Mwaka wangu wa nne kazini nilikuwa na mteja, mama mmoja, tukionana kila wiki. Pale kituoni kulikuwa na utaratibu kwamba kila mteja akifika anajaza kwanza hojaji ya sonona ya maswali tisa, PHQ-9. Kila swali ni 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na namba ikipanda hali ni mbaya zaidi. Mimi ile karatasi nilikuwa naipokea, naikunja, naitia kwenye jalada. Sikuisoma. Niisome ya nini wakati mtu mwenyewe yuko mbele yangu? Alikuwa anaongea vizuri, analia panapostahili kulia, mwishoni anatabasamu na kunishukuru. Wiki ya nane akaniambia tangu azaliwe hajawahi kusikilizwa namna ile. Siku hiyo nilitembea kama niliyepewa dunia.

Wiki ya tisa niliumwa, akapokelewa na mwenzangu. Yeye akafungua jalada, kisha akanipigia simu. "Hizi namba umeziona?" Akanisomea moja moja: 11, 11, 13, 14, 14, 17, 19, 20. Na swali la tisa, lile la kuwaza kufa au kujidhuru, lilikuwa 0 mwanzoni, na tangu wiki ya sita lilikuwa 2.

Yaani kila wiki alikuwa ananiambia kwa kalamu kile alichoshindwa kunieleza kwa mdomo. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ulikuwa unajitahidi sana, sikutaka kukuvunja moyo."

Yu hai. Tulibadilisha karibu kila kitu, tukampata daktari wa akili, tukaongeza vikao, na mimi nikawekwa chini ya usimamizi wa karibu kwa miezi mingi, jambo lililoniuma na lililonistahili. Lakini rudi kwenye ile simu. Wewe ni muuguzi. Hivi unaweza kumwekea mgonjwa kiganja kwenye paji la uso, ukaenda kuandika 38.4 kwenye chati? Mimi nilifanya hivyo wiki nane, tena kipima joto nimekishika mkononi.

Na wala si uzembe wangu peke yangu, ingawa ningependa kuubeba kishujaa. Mwaka 2005 Hannan na wenzake, akiwemo Michael Lambert ambaye suala hili amelifanyia kazi muda mrefu, walichapisha matokeo ya kuwaomba watoa tiba watabiri ni nani kati ya wateja wao 550 angemaliza akiwa na hali mbaya kuliko alivyoanza. Walitabiri watatu. Walioishia vibaya walikuwa 40. Hawa ni watu waliosoma, wanaowapenda wateja wao, na wanawaona uso kwa uso. Macho yetu kwa jambo hili ni mabovu, basi.

Kaka Mtu_wa_Vitendo, hao mia kadhaa uliowaona wamenyooka nakuamini. Naomba unieleze waliokuja mara mbili wakapotea umewaandika wapi. Mimi wangu sikuwaandika popote, nilikuwa nasema "hakuwa tayari." Halafu kuna hili: mtu haji kwetu siku ya kawaida. Anakuja siku amefika chini kabisa, na kutoka pale, hata ukikaa kimya ukimtazama, wengi watapanda kidogo wenyewe. Utajuaje sehemu ipi ni yako na ipi ni ya siku kupita? Hujui, mpaka uwe na watu wanaofanana nao ambao hawakupata huduma yako, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Kundi linganishi limetokana na swali hilohilo.

Mwanagenzi, hili litakugusa kwa sababu ya wodi. Kwa muda mrefu ilionekana ni busara tupu kwamba mtu akipata ajali, umkalishe mapema, aeleze yote, atoe yaliyomo moyoni. Nani angepinga? Mayou, Ehlers na Hobbs waliwafuatilia majeruhi wa ajali za barabarani, baadhi wamepewa kikao hicho kimoja, wengine hawakupewa. Matokeo ya miaka mitatu yalichapishwa mwaka 2000. Waliopewa kikao walikuwa na hali mbaya zaidi. Walioanza na dalili kali wakapewa kikao, dalili ziliwaganda. Wenzao wenye dalili zilezile walioachwa, walipata nafuu. Sasa jiweke mle chumbani. Unachokiona ni mtu amelia, amefuta machozi, amesema asante. Ungejuaje?

Asante nayo haipimi kitu. Kuna mradi wa Marekani ulioanza 1939 kwa wavulana 506, Cambridge na Somerville kule Massachusetts. Nusu yao walipewa mshauri wa kuwatembelea, msaada wa masomo, hata kambi za likizo, kwa wastani wa miaka mitano. Joan McCord aliwatafuta wakiwa watu wazima, miaka 30 baadaye, akachapisha mwaka 1978. Wengi wa waliosaidiwa, takriban theluthi mbili, walisema mradi uliwafaa. Kumbukumbu za mahakama na za hospitali zikasema vingine: kwa vipimo kadhaa walikuwa wameishia pabaya kuliko nusu ile nyingine. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikasirika. Nilidhani kuna kosa la hesabu. Nikalitafuta, na hapo ndipo takwimu zilianza kuniingia kichwani, kwa hasira.

Zile saa mbili zenu za "kuaminika" na "halali" sasa. Mhadhiri wenu pengine alizifundisha kama mtu anayesoma orodha ya mizigo. Wengi wetu tulifundishwa hivyo, na ni aibu. Chukua mfano huu ukae nao. Una kipimo kinachokamata 90 katika kila 100 wenye tatizo, na kinawaachia kwa haki 90 katika kila 100 wasio nalo. Kizuri, sivyo? Kipeleke mahali ambapo katika watu 1,000 wenye tatizo ni 20. Kitakamata 18 kati yao. Lakini wale 980 wazima kitawashika 98. Una watu 116 mkononi, na wenye tatizo kweli ni 18. Kila mmoja wa wale 98 utamkalisha, utamtazama kwa macho ya huruma, utamwambia ana ugonjwa. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuwa anakufundisha, ila alisahau kuwaweka watu ndani yake.

Na wala si kwamba maabara ilikuja baadaye kuivamia fani ya huruma. Lightner Witmer, aliyefungua kliniki ya kwanza ya kisaikolojia pale Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896, alikuwa mtu wa maabara, mwanafunzi wa Wilhelm Wundt, yule Mjerumani mwanzilishi wa saikolojia ya maabara. Mwalimu mmoja alimletea mvulana aliyeshindwa tahajia. Angeweza kuanza na nasaha. Alianza kwa kupima, na moja ya matatizo aliyoyakuta lilikuwa macho.

La kuhama nawaachia wengine, mwanagenzi wangu ananisubiri na mkanda wake wa kikao.

Kaka_Tarakimu amejibu:

Mimi nafundisha mbinu za utafiti, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, kwa hiyo nisomeni mkijua hilo. (Hiyo ya kusoma orodha ya mizigo imenipata, Bi.)

Dada, ugomvi wako una umri mrefu kuliko sisi sote humu. Baada ya Vita Kuu ya Pili Marekani ilikuwa na askari wengi waliorudi wakihitaji huduma, na wataalamu walikuwa haba. Mwaka 1949 wakakutana Boulder, Colorado, wakakubaliana kwamba mwanasaikolojia tiba afundishwe mambo mawili kwa pamoja, awe mwanasayansi na awe mtoa huduma. Programu nyingi unazozisikia zimejengwa juu ya hapo. Wakaja wanaolalamika kama wewe: wanafunzi wanajua kuchapisha, hawajui kukaa na mtu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Illinois kikaanzisha shahada ya udaktari ya vitendo, PsyD, na mkutano wa Vail wa 1973 ukaitambua njia hiyo. Lakini hata watu wa Vail hawakusema utafiti utupwe. Walisema si lazima uwe mzalishaji. Kuutumia na kuupima, hilo halikuondolewa.

Kwa hiyo usiulize tasnifu ina kurasa ngapi. Uliza hivi: nitakaa na wateja saa ngapi kabla ya kuhitimu? Msimamizi atasikiliza mikanda yangu, au atanisikiliza mimi nikisimulia mikanda yangu? Hivyo ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Wanaohitimu pale ukiwauliza mteja asipopata nafuu wanafanya nini, wana jibu? Programu yenye tasnifu fupi na usimamizi wa kusimuliana, ikimbie.

Mtu_wa_Vitendo amejibu:

Bi, umenichapa na nimekaa nimetafakari. Jana nimefungua majalada ya mwaka jana. Sitasema humu ni wangapi walikuja mara mbili tu. Si wachache.

Lakini siachii yote. Hizo tafiti zenyewe zinasema uhusiano kati ya mteja na mtoa tiba ni miongoni mwa vitu vinavyotabiri matokeo kwa uthabiti. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyasema tangu 1957. Yaani kile alichokuwa anafanya dada kitandani si kitu cha kudharauliwa. Halafu hizo hojaji mnazozisifu zimetungwa kwa lugha ya wenyewe. Nimewahi kupewa tafsiri moja imeandikwa "kujisikia chini." Mteja akaniuliza, "Chini wapi?" Sasa namba iliyotoka hapo ni namba ya nini?

Bi_Msimamizi amejibu:

Kaka, hapo umesema, na nimecheka peke yangu ofisini.

La kwanza nakubali, kwa nyongeza moja. Mwanasaikolojia Edward Bordin mwaka 1979 aliugawa uhusiano huo mara tatu: kukubaliana tunakwenda wapi, kukubaliana tufanye nini ili tufike, na ule upendo wenyewe wa kuaminiana. Mimi na yule mama tulikuwa na la tatu tele. La kwanza na la pili hatukuwahi kuyazungumza. Alipendezwa nami na alikuwa anazama. Dada alipokuwa kitandani lengo lilijulikana bila kusemwa, mtu apate usingizi. Kwenye tiba ya miezi lengo halijisemi.

La pili ni zito zaidi, na ndilo walilokuwa wanabishania darasani siku ile, ila nahisi hakuna aliyemwambia. "Chini wapi?" ni swali la uhalali. Hojaji inaweza kuaminika kabisa, ukampa mtu leo na kesho akajibu vilevile, huku kila mara anajibu kitu ambacho hukumuuliza. Na lugha yetu ina mitego yake. "Nimechoka": mwili, au mtu fulani kanichosha, au maisha? "Nina mawazo": kwetu hilo peke yake tayari ni malalamiko, wakati ukilifasiri neno kwa neno unabaki na mtu mwenye fikra, hongera yake. "Moyo unanienda mbio", "roho haitulii", "kichwa kizito". Zimbabwe watafiti walianza na neno la Kishona la namna hii, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, wakatunga hojaji kutokana na maneno ya watu wenyewe. Ina maswali 14, na baadaye ilitumika kwenye utafiti wa Benchi la Urafiki la daktari wa akili Dixon Chibanda, uliochapishwa 2016, ambako wanaotoa tiba ni kina mama wa kawaida waliofunzwa. Utafiti ule ulikuwa na kundi linganishi, kaka, nakukumbusha tu.

Mwanagenzi, pendekezo lako lililorudi mara tatu lilikuwa linahusu nini?

Mwanagenzi_wa_Usiku amejibu:

Shikamoo Bi. Nimesoma uzi huu mara nne, ya mwisho nikiwa nimefungua kile kitabu cha takwimu kando.

Pendekezo lilikuwa "Mchango wa kusikiliza katika ustawi wa wagonjwa waliolazwa." Naona sasa kwa nini aliuliza swali liko wapi.

Ila hili la "chini wapi" limenikosesha usingizi. Miaka sita nimekuwa nikiandika kwenye ripoti ya zamu "mgonjwa hana raha", na wagonjwa walikuwa wanasema mambo mengi kuliko hayo. Mmoja alisema "najiona kama nimeazimwa." Sikujua niliandike wapi, nikaliacha. Je, naweza kuchukua maswali tisa ya ile hojaji kwa Kiswahili, nimsomee mtu swali moja moja, kabla hajajibu nimwombe aniambie kwa maneno yake nimemuuliza nini? Hiyo ni tasnifu au ni mazungumzo? Jana nimejaribu kwa wenzangu watatu wa darasani, na wote wameelewa sawasawa kila swali, kwa hiyo labda hakuna tatizo.

Bi_Msimamizi amejibu:

Marahaba. Ni tasnifu, na njia hiyo ina jina na taratibu zake, tafuta chini ya mahojiano ya utambuzi. Watu kumi hadi kumi na watano wanatosha kukuonyesha maswali yanapovunjika kabla hujaenda kwenye idadi kubwa.

Wenzako wa darasani hawahesabiki. Wameshaisoma hojaji hiyo na wanajua jibu unalotafuta. Tafuta watu ambao hawajawahi kuiona, waliosoma sana na waliosoma kidogo, wazee na vijana. Andika wanachosema neno kwa neno, usisafishe. Yule wa "nimeazimwa" ungemsafisha tusingempata.

Na swali la tisa lina sheria yake. Usimsomee mtu kabla hujaamua utafanya nini siku hiyohiyo akijibu ndiyo: nani anaitwa, nani anabaki naye, unampeleka wapi. Kamati ya maadili itakuuliza hilo kwanza, na bila kibali chao usimsomee mtu hata swali la kwanza. Andika ukurasa mmoja, anza na swali lenyewe, liishe kwa alama ya kuuliza ili yule wa kalamu nyekundu aione.

Kaka_Tarakimu amejibu:

Na kwa marudio ya takwimu, kesho saa mbili usiku nitaweka humu ile hesabu ya watu 1,000 hatua kwa hatua, nikibadilisha wenye tatizo kutoka 20 hadi 200 muone wale 116 wanakuwaje. Mtu_wa_Vitendo, nawe karibu.

Mtu_wa_Vitendo amejibu:

Nitakuja. Nitakaa nyuma.